Kadi ya njano ya shangazi

Shangazi alipostaafu unesi hakutaka sherehe, hakutaka keki, alitaka kisiwa. Na kisiwa chenyewe alikuwa kashakichagua zamani, kwenye kalenda moja iliyokaa ukutani wodini kwao mpaka ikapauka, mawe makubwa ya kijivu yamelala kama ng'ombe kwenye mchanga mweupe, maji ya rangi ile ambayo unaapa kwamba picha imechezewa. Chini imeandikwa La Digue, Seychelles. Mwaka 2023 akanipigia simu bila hata salamu ndefu, we mtoto si ndo unajua mambo ya kompyuta, hebu angalia tunaingiaje huko.

Kila niliyemuuliza alinijibu kitu kimoja, aah Seychelles hawana viza we nenda tu. Na kweli hawana, uwe na pasipoti ya nchi yoyote ile hawakudai viza. Lakini ukianza kusoma masharti ndo unaona kazi ipo. Kuna idhini ya kusafiri unayoiomba mtandaoni kabla hujapanda ndege, pasipoti iwe hai mpaka siku unayorudi kwako, uwe na tiketi ya kurudi au ya kuendelea mbele, uwe na mahali pa kulala kwa kila usiku utakaokuwa kule, na hela ya kukutosha. Ukishafika uhamiaji ndo wanakupa kibali cha mgeni, mwanzo hadi miezi 3, hicho hulipii. Alafu juu ya hayo yote, ukitoka nchi iliyo kwenye orodha ya homa ya manjano lazima uonyeshe cheti cha chanjo, ile kadi ya njano, na sisi tulikuwa tunatokea kwenye orodha.

Ile fomu ya idhini nusura initoe roho. Kwanza kuipata yenyewe, manake ukitafuta mtandaoni zinakuja kurasa za mawakala zimepambwa bendera na nembo utadhani serikali, kumbe wanakujazia fomu ileile kwa ada iliyofura mara kadhaa. Nilikagua anwani herufi kwa herufi ndo nikatoa namba ya kadi ya benki. Alafu picha ya pasipoti, ya shangazi ilikuwa inagoma kwa sababu ile plastiki inamulika taa, tukaipiga dirishani, tukaipiga barazani, ikakubali tulipozima taa zote tukabaki na mwanga wa jua. Selfi alipiga mara moja tu akasema hiyo inatosha, mimi sio bibi harusi.

Kilichokula muda zaidi ni mambo ya kulala. Nchi ile ina visiwa 115 na ndege za kimataifa zinatua kisiwa cha Mahé peke yake, La Digue hakuna uwanja wa ndege kabisa, unachukua boti mpaka kisiwa cha Praslin kama saa nzima alafu boti nyingine fupi. Kwa hiyo usiku wa kwanza Mahé, katikati visiwa vingine, usiku wa mwisho turudi Mahé ili tusije tukakwama upande wa pili boti zikiahirishwa na ndege inatuacha. Ina maana bukingi kadhaa, na fomu inataka kujua utalala wapi usiku gani, huwezi kuacha pengo ukasema nikifika nitaangalia. Mwenye gesti ya La Digue alikuwa mtu wa taratibu sana, unamwandikia leo anajibu akipenda, ila alipotuma uthibitisho ulikuwa umekamilika, majina yote matatu ya shangazi kama yalivyo kwenye pasipoti. Nilimshukuru kimoyomoyo, kwa sababu tiketi ya ndege ilikuwa na mawili tu na nililazimika kuwapigia wanirekebishie.

Idhini zilikuja kwenye barua pepe, nikaprinti nakala mbili mbili. Binamu yangu alicheka, eti dunia ya leo unaprinti. Acheke tu, simu huwa inajizima pale hasa unapoihitaji.

Mizigo haikutusumbua. Shangazi alifunga begi kama mtu anayejua kuugua kukoje, dawa zake za presha kwenye pakiti zake zilezile za famasi pamoja na barua ya daktari, zote begi la mkononi, kwa sababu begi kubwa linaweza kupotea na presha haisubiri. Binamu akauliza mbona hamjabeba vidonge vya malaria mnaenda kisiwani joto kibao. Shangazi akamjibu malaria haiambukizwi Seychelles, ila homa ya dengi hutokea, kwa hiyo lete dawa ya kupaka ya mbu, na mbu wa dengi anauma mchana sio usiku, usije ukanifungashia chandarua. Matunda ya njiani aliyatoa mwenyewe nilipomwambia kwamba wale watu wana sheria kali kuhusu kuingiza matunda, mbegu na mimea, wanaogopa wadudu na magonjwa kuingia visiwani. Adapta hatukununua, soketi zao ni zile za pini tatu bapa kama za Uingereza na chaja zetu ndo hizohizo. Nilichosisitiza mimi ni vidonge vya kichefuchefu, tulikuwa tunaenda mwezi wa nane, na kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hivi ndo upepo wa kusini mashariki unapiga kule, bahari inachafuka.

Sasa tufike kaunta.

Ndege ilikuwa ya usiku, tulifika mapema, foleni fupi, nikajisemea mwaka huu Mungu katuona. Kijana wa kaunta akatuamkia vizuri, akachukua pasipoti, tiketi za kurudi, idhini, bukingi, anapiga piga kompyuta yake. Wale wana mfumo unaitwa Timatic unaowaambia kila nchi inataka nini, na wako makini kwa sababu abiria akikataliwa anakoenda ni shirika la ndege linalomrudisha na mara nyingi linapigwa na faini juu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kukukatalia safari wala hayuko Seychelles, yuko hapohapo kaunta na hana shauri na wewe.

Akaomba kadi za njano. Yangu mpya haikuwa na neno. Ya shangazi akaigeuza, akaigeuza tena, akasema mama samahani, kadi yako imeisha muda.

Kadi ya shangazi ilikuwa ya mwaka 2009. Na kweli, aliyemchanja alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, tena mwandiko mzuri, inatumika mpaka 2019. Ukiisoma kama unavyosoma pakiti ya maziwa, imeisha.

Shangazi wala hakushtuka. Akamwambia mwanangu, chanjo ile tulikuwa tunaihesabu miaka 10 zamani, sheria ilibadilika. Kijana anatabasamu ile tabasamu ya kazini, anasema mama mimi naangalia tarehe iliyoandikwa. Shangazi anasema ndio, na mimi nakwambia tarehe hiyo haina kazi tena tangu 2016. Nyuma yetu watu washaanza kuhema. Akatokea jamaa mmoja, hata sijui alikuwa anasafiri au anazurura, akaninong'oneza dada, kuna mtu hapo nje anatoa kadi mpya, dakika kumi, mna muda.

Sasa jamaa wa watu hakujua anaongea mbele ya nani. Shangazi alichanja watu chanjo hiyohiyo kwa miaka mingi, alishawahi kutuhadithia nyumbani jinsi mtu anavyokuja kliniki anataka muhuri tu, sindano hataki, na yeye alivyokuwa anamwonyesha mlango. Akamgeukia. Akamwambia, baba, mimi nina zaidi ya miaka sitini na chanjo iko ndani ya mwili wangu, hiyo karatasi yako itaniongezea nini? Na hata ningechanjwa kweli leo, cheti kinaanza kuhesabika baada ya siku 10, kadi ya leo kwa ndege ya leo ni ushahidi kwamba mmoja wetu ni mwongo. Jamaa akayeyuka. Kusema kweli nilitamani watu wampigie shangazi makofi ila kila mtu alikuwa anaangalia saa yake.

Hilo la miaka sitini halikuwa la kupamba maneno. Alikuwa ameshanieleza tulipoanza kupanga safari, nilipomuuliza kwa nini asirudie tu chanjo yaishe. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mtu akiipata kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 na kuendelea uwezekano wa madhara makubwa unapanda, ni nadra lakini upo, kwa hiyo wanapima kwanza faida na hatari. Kwake yeye haikuwa mara ya kwanza, ila alisema sindano ambayo mwili hauihitaji haichomwi kwa ajili ya kumfurahisha karani.

Kijana akasema ngoja nimwite supavaiza. Tukasogezwa pembeni, na kusogezwa pembeni na begi lako mbele ya foleni ni jambo linalokuvua nguo hata kama huna kosa. Mimi jasho. Shangazi kakaa juu ya begi lake kama yuko kibarazani, kafungua mkoba, katoa bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi aliyonisumbua niiprinti nakala mbili wiki hiyohiyo, tangazo la Shirika la Afya Duniani kuhusu Kanuni za Kimataifa za Afya, kwamba kuanzia tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano kinatumika maisha yote ya aliyechanjwa, na hiyo ni kwa vyeti vya zamani pia, na nchi haziruhusiwi kumdai msafiri arudie chanjo eti kwa sababu miaka 10 imepita. Sentensi hiyo ya vyeti vya zamani aliipigia mstari kwa rula. Kwa rula jamani.

Supavaiza alikuwa mama wa makamo, akamwamkia shikamoo mama, akachukua karatasi, akaisoma yote, sio kupitisha macho, akaisoma. Akamwambia kijana hebu fungua kipengele cha afya ushuke chini kabisa. Kijana akashuka. Wakainamia skrini pamoja. Sikusikia walichosemezana, ila nikaona kijana anajikuna shingo, alafu printa ikaanza kutema bodingi pasi. Supavaiza akarudisha kadi kwa mikono miwili. Shangazi akamwambia yule kijana, mwanangu umefanya kazi yako vizuri, sasa isome hiyo karatasi, nakuachia, mimi ninayo nyingine. Ndo nikajua nakala ya pili ilikuwa ya nini.

Ndani ya ndege alilala mpaka tunatua. Mimi sikupata hata lepe, nilikuwa nawaza tukifika uhamiaji itakuwa hayo hayo tena.

Wala. Mahé asubuhi, joto lenye unyevunyevu, foleni inaenda haraka. Kadi za njano ziliangaliwa, ya shangazi ikatazamwa kidogo ikarudishwa bila neno. Afisa akauliza mnalala wapi leo, mnaondoka lini, akataka kuona tiketi ya kurudi, nikatoa karatasi zangu zile alizonicheka binamu, akagonga muhuri. Basi muhuri wa Seychelles wa kuingilia una umbo la koko de mer, nazi yao ile inayoota porini kwenye visiwa vya Praslin na Curieuse tu, mbegu nzito kuliko zote duniani, na kama hujawahi kuiona, ina umbo la kiuno na makalio ya mwanamke, hakuna namna ya kulieleza kwa adabu.

Shangazi akavaa miwani. Akaangalia muhuri, akaisogeza pasipoti mbali, akairudisha karibu. Akamuuliza afisa kwa Kiingereza chake cha wodini, hii ndo nembo yenu ya serikali? Afisa akasema ndio mama, karibu sana. Shangazi akasema nimefanya kazi wodi ya wazazi muda mrefu, nilidhani nimestaafu. Afisa alicheka mpaka mwenzake wa dirisha la pili akageuka kuuliza kuna nini, na sisi hao tukasogea kwenda kutafuta mabegi.