Dawa ya mirija kwenye nguzo ya umeme

Jamani, wifi yangu katoa laki mbili na nusu kwa chupa tatu za "kuzibua mirija na kusafisha kizazi". Tangazo kaliona limebandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na kituo cha daladala: picha ya kichanga, "matokeo siku 14", namba ya simu. Basi. Hakuna jina la duka wala namba ya usajili.

Nikamuuliza, umepiga ile eksirei ya mirija ya uzazi? Hajapiga. Na kaka, kapima mbegu? Kanicheka! Sasa imejulikanaje kuwa mirija imeziba? Eti muuzaji kamwambia kwa simu, baada ya kumuuliza kama tumbo linamuuma siku za hedhi. Nani halimuumi?

Kinachoniudhi, sheria zipo. Dawa haitakiwi kutangazwa bila kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Waganga wa tiba asili wana baraza lao chini ya sheria ya 2002. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza kumpotosha mteja. Lakini zote zinamtaka mtu wa kushtakiwa, na huyu muuzaji namba yake imeshazimwa. Mimi ningeanzia kwenye laini, maana zinasajiliwa kwa alama za vidole, mwenyewe anajulikana.

Chupa tumezihifadhi, Jumatatu tunazipeleka TMDA pamoja na picha ya tangazo. Kaka naye kakubali kwenda kupima. Kwa shingo upande, lakini kakubali.