Kabla ya Kulipia Programu ya Chati, Izimie Mtandao Kwanza

Kila programu ya chati ya tovuti, ile inayomwezesha mteja kuandikiana papo hapo na mhudumu wako, hupendeza ikionyeshwa na muuzaji wake. Mtandao wake una kasi, mhudumu yuko macho, na swali ni lile lile alilolizoea. Mwenye biashara Mombasa aipime pale inapoharibika: stima imepotea Bamburi, mhudumu amekwenda kuswali, mteja yuko ndani ya matatu na bando linakaribia kuisha. Ikiwa ujumbe unapotea katika hali hiyo, mapambo mengine yote ni bure.

Fungua kipindi cha majaribio na uweke kidirisha cha chati kwenye ukurasa wa kando, si kwenye tovuti yenyewe. Chukua simu mbili, moja ya mteja anayetumia data na nyingine ya mhudumu. Anzisha mazungumzo, kisha washa hali ya ndege kwenye simu ya mteja, andika ujumbe na uutume. Ngoja dakika moja, rudisha mtandao. Programu nzuri itaonyesha kwamba ujumbe haujaenda, na mtandao ukirudi itautuma yenyewe, mara moja tu. Mbovu huonyesha kwamba umekwenda ilhali haukufika, au huutuma mara mbili, au humwona mteja kama mgeni na kuanza mazungumzo mapya. Hili la mwisho ndilo linalokera zaidi, kwa sababu mteja hulazimika kujieleza upya.

Sasa geuza. Mhudumu akiwa kwenye kompyuta ya ofisi na anaonekana yupo, chomoa ruta ya ofisi ukutani. Usifunge programu wala kompyuta, chomoa tu. Kidirisha cha chati hutegemea muunganisho unaobaki wazi kati ya kivinjari na seva, yaani kompyuta inayopitisha ujumbe. Mhudumu akijitoa kwa utaratibu, seva huarifiwa papo hapo. Stima ikikatika hakuna wa kuiarifu, nayo huendelea kusubiri mpaka muda wake uishe ndipo itambue kwamba upande wa pili kumekufa. Katika muda huo mteja bado anasoma “tuko hapa, uliza”. Pima pengo hilo kwa saa ya mkononi. Sekunde thelathini zinavumilika. Likipita dakika mbili, uliza kama linaweza kupunguzwa, na ukijibiwa kwa maneno mengi bila tarakimu, tafuta programu nyingine.

Jaribio la tatu ni la simu ya mhudumu. Iache skrini imezimwa kwa nusu saa, kisha tuma ujumbe kama mteja. Simu nyingi za Android huzilaza programu ili kuokoa chaji, kwa hiyo arifa huchelewa au hazifiki kabisa. Usiilaumu programu kabla ya kuingia kwenye mipangilio ya betri na kuiondolea vizuizi. Rudia. Arifa ikichelewa tena, basi kosa ni la programu.

Ujumbe uliokosa mtu wa kuujibu huenda wapi? Mara nyingi hufunguka fomu inayodai barua pepe. Wateja wengi wa huku wataacha nambari ya simu bila shida, lakini wakilazimishwa barua pepe wataandika ya uongo au waondoke. Hakikisha unaweza kuifanya simu iwe ya lazima na barua pepe ya hiari, na kwamba fomu inakubali 07, 01 na +254. Kisha angalia arifa za fomu hiyo zinaingia kisanduku gani. Zikiangukia kwenye taka, huenda programu inatuma kwa jina la kikoa chako (anwani ya tovuti yako) bila SPF na DKIM, rekodi zinazothibitisha kwamba barua imeruhusiwa na wewe. Anayesimamia kikoa chako ataziweka.

Kuhusu roboti ya kujibu, mwandikie: “Tutafika Miritini saa mbili usiku, gari litatungoja?” Akikupangia gari la saa nane usiku, yaani 02:00 badala ya 20:00, usimkabidhi kazi ya kuwawekea wageni nafasi. Mwachie bei na maelekezo ya njia, na kila lenye saa limfikie binadamu.

Ratiba ya kazi nayo ijaribiwe. Baadhi ya programu hukubali kipindi kimoja tu kwa siku, kwa hiyo huwezi kufunga Ijumaa adhuhuri na kufungua tena alasiri. Ramadhani inapoingia utataka kuibadilisha ratiba nzima bila kuivuruga ya kawaida.

Bei mara nyingi huwa kwa kila mhudumu kwa mwezi, na kwa dola. Kwa mfano, dola 20 kwa kila mmoja wa wahudumu wanne ni 960 kwa mwaka, kabla ya kodi na makato ya kadi. Uliza kama muuzaji anahesabu wahudumu wote waliosajiliwa au wale tu walioingia kwa wakati mmoja. Kwa ofisi ya zamu tofauti ni kubwa. Kugawana nywila moja ili kuokoa pesa ni hasara, kwani hutajua nani alimwahidi mteja nini. Programu ya tawk.to ni ya bure na hulipisha kuondoa nembo yake. Chatwoot unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe, lakini itataka programu za kuhifadhi data za PostgreSQL na Redis, na mtu wa kuchukua nakala za akiba kila siku. Kama huna mtu huyo, bure hiyo ni ghali. Ukiunganisha WhatsApp kupitia API, yaani njia ya programu kuzungumza na programu, kumbuka kwamba saa 24 baada ya ujumbe wa mwisho wa mteja huwezi kumwandikia upendavyo. Unatuma violezo tu, yaani ujumbe ulioandikwa mapema na kuidhinishwa na WhatsApp.

Wenye hoteli wawe waangalifu zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inawahusu wote, na kanuni za 2021 zinawasamehe wafanyabiashara wadogo usajili kwa Kamishna wa Data, lakini si wa sekta ya hoteli. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Kwa hiyo chagua programu inayoficha yenyewe nambari za kadi ambazo mgeni hubandika kwenye chati bila kuulizwa, na inayokuruhusu kuweka muda wa kufuta mazungumzo ya zamani.

Siku ya mwisho ya majaribio, pakua mazungumzo yote. Faili ya CSV au JSON yenye tarehe na jina la mhudumu, pamoja na viambatisho, inatosha. Ukiambiwa upakuaji upo kwenye mpango wa juu tu, hesabu bei ya mpango huo kuwa ndiyo bei halisi, kisha ulinganishe upya.