Usinizungushe

Tangu Jumatano sauti ya yule mama haijanitoka masikioni. Aliingia barazani na gauni lake, akanitandazia mapajani. Uzito wake sikuuhisi, niliuona tu.

"Fundi, huu mkono unanivuta. Tazama begani ulivyokunjamana."

"Lete niangalie."

"Usiangalie tu, fumua. Jumamosi nina harusi."

"Njoo Ijumaa baada ya magharibi."

"Ijumaa hiyo hiyo, fundi. Usinizungushe."

Akaondoka. Hakunipa pole, hakuniombea dua.

Usinizungushe! Tangu ajali ya Oktoba 2023 iliyonipooza miguu nilikuwa sijaambiwa neno hilo. Wateja waliobaki wananiletea pindo na zipu, na nikikosea wanasema, "Imetosha mwanangu, Mungu akujalie," wanalipa, wanakwenda. Wengine bei wanamuuliza dada, nami nimekaa hapo hapo na tepu shingoni. Huyu alinidai gauni lake. Usiku nilimsimulia dada mara tatu mpaka akasinzia.

Kliniki ya Jumatatu ilikwenda vizuri, vyuma vya mgongoni vimekaa sawa, na mlango wa choo umeshapanuliwa, kiti changu cha magurudumu kinapita.

Alhamisi nilipolifumua ndipo furaha iliponywea. Mama ana haki, mkono ule niliushona vibaya. Enzi za cherehani ya miguu, miguu ilikanyaga, mikono yote miwili ikaongoza kitambaa. Sasa wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto umebaki peke yake, na duara la kwapa halikubali mkono mmoja. Nikaanza kuyawaza yale magauni yote niliyoambiwa yametosha. Mangapi yaliwavuta wenyewe wakanyamaza? Mangapi yamekunjwa chini ya sanduku? Nilikaa na lile bega la kitenge hadi nikasahau kujiinua kwenye kiti, na tangu ile alama nyekundu ya kukaa sana iliyonitoka mwezi wa nne nimejiwekea kujiinua kila nusu saa, bila kukosa.

Kisha nikachukua sindano. Nikapiga bandi duara zima, mishono midogo midogo, ndipo nikalipeleka kwenye cherehani: inchi mbili, nasimama, nanyoosha, inchi mbili tena. Kazi ya robo saa ilikula asubuhi nzima. Lakini bega lilikaa. Nililipitisha kidole mara nyingi, halina hata mkunjo.

Ijumaa alikuja, akalivaa juu ya nguo zake, akanyanyua mikono juu, akaishusha, akanyanyua tena.

"Sawa. Nipunguzie elfu moja basi, umenisumbua."

"Sikupunguzii, mama. Mkono nimeurudia bure."

Akalipa yote. Nilitetemeka mikono alipotoka, maana sijamkatalia mtu kitu siku nyingi.

Yule mteja wa Chumbageni aliyeniambia imetosha, nimemtumia ujumbe alirudishe gauni lake. Hajajibu bado.

Na mdogo wetu wa Muheza hapokei simu tangu jana asubuhi. Mara ya mwisho alisema mtoto ana homa.