Siku moja maishani mwangu: mkato wa Tabata

Saa 11 alfajiri. Simu inaita, mke wangu anageukia ukutani, ameshazoea. Kijana wa zamu: "Mkuu, kebo ya Ubungo–Buguruni imezima." Namuuliza kama upande wa pili unapumua. Unapumua. Kebo zetu za nyuzi za kioo hubeba intaneti kwa mwanga, na mtandao wa mjini tumeulaza kama pete. Ukikatwa huku, mwanga unazungukia kule, kwa hiyo wateja wengi wamelala na wala hawajui. Ila kuanzia dakika hiyo hatuna akiba. Mtu akikata na kule, simu yangu haitapumzika.

Saa 12:30. Ubungo, foleni ya Barabara ya Mandela haijakaza. Tunachomeka OTDR, mashine inayopiga mwanga ndani ya nyuzi za kioo na kupima unavyorudi. Inasema mkato uko mita 4,310. Fundi mgeni angepima barabara na kuanza kuchimba. Mashine inapima kebo, haipimi barabara, na sisi kwenye chemba tunaacha mizingo ya kebo ya akiba. Hapo natoa daftari nililoachiwa na mzee aliyestaafu, kurasa zimeshika mafuta: mita 15 hapa, 20 pale. Najumlisha, napata 180. Tunatafuta kwenye mita 4,130, Tabata.

Saa 1:40. Tumefika, hakuna shimo wala katapila. Kuna mama anachoma vitumbua.

"Shikamoo mama. Hapa kuna mtu amechimba?"

"Marahaba mwanangu. Usiku walikuja na kijiko, wakafukia mbiombio wakaondoka. Si pale kwenye udongo mbichi?"

Vitumbua sita, chai mbili. Daftari lilitufikisha mtaani, mama akatuonyesha shimo.

Saa 3:30. Kebo imevutwa hadi ikachanika, ncha hazifikiani. Lazima tuweke kipande kipya katikati, maana yake viungo viwili. Kebo ya nyuzi 48 imegeuka kazi ya maungio 96. Tunafunga turubai kuzuia vumbi, mashine mbili za kuungia, na tunaanza na nyuzi zenye wateja.

Unamenya uzi, unaufuta kwa spiriti, unaukata ncha iwe bapa. Kioo chenyewe ni unene wa milimita 0.125, na sehemu inayopitisha mwanga ni ndogo zaidi ya mara kumi. Mashine inazilinganisha ncha mbili, inapiga cheche, zinayeyuka kuwa kitu kimoja. Skrini ya mashine inaandika upotevu wa mwanga, desibeli 0.02, na sote tunatulia. Ikiandika 0.15 tunakata, tunarudia, hata jua liwe utosini. Masalia tunayaokota kwa utepe. Moja liliwahi kunizama kidoleni. Halionekani, na liliniuma siku tatu.

Ofisini wanapiga kila dakika kumi: "Bado?" Nimempa simu kijana wa kushika ngazi, ana sauti ya upole kuliko mimi.

Saa 7:15. Nyuzi mbili hazipitishi kunakotakiwa. Nafungua trei ya maungio. Kijana mpya ameunga uzi wa kijivu kwenye mweupe, na mweupe kwenye kijivu. Chini ya turubai la bluu, na tope vidoleni, rangi hizo ni mapacha; mwaka wangu wa kwanza niliwahi kufanya hivyo hivyo. Sikumfokea. Nimempa mashine arudie mwenyewe.

Saa 8:40. Taa za mitambo yetu ya Buguruni zinageuka kijani. Tunafunga maboksi ya viungo, tunabana mipira maji yasiingie, maana mvua ya Dar ikijaza chemba haimngoji mtu. Utepe wa onyo tunaulaza juu ya kebo kabla ya kufukia. Atakayekuja na kijiko usiku sijui kama atausoma.

Saa 10 hadi 12 ni ripoti na picha. Hakuna la kusimulia.

Saa 2 usiku. Nimeoga, ugali umepoa kidogo. Nafungua daftari ukurasa wa Mandela, naandika kwa kalamu nyekundu: Tabata, viungo viwili vipya, mzingo mita 12 kila kimoja. Halafu pembeni, kwa herufi ndogo: muulize mama wa vitumbua.