Mizinga 14 na kiuno kimoja: kumbukumbu ya mradi, Juni mpaka Novemba

Mradi wenyewe ni nyuki, mizinga 14 huko njia ya Sikonge, Tabora, mgongo haukuwemo kwenye bajeti. Ila nimefungua daftari juzi nikaona kurasa za kiuno zimezidi za asali, basi nakopi kama lilivyo, nimeongezea tu pale ambapo mwandiko wangu mwenyewe umenishinda.

21 Juni

Tumeingia porini jioni kurina, mi na mpwa wangu. Mizinga imejaa vizuri mwaka huu. Madumu matatu nimeyatoa mwenyewe mpaka kwenye pikipiki, la nne nikalifuata nimeshachoka, miguu nimeinyoosha tu, katikati yetu kuna kisiki kwa hiyo dumu liko mbali na mimi kama hatua nzima, nikalivuta huku najigeuza. Hakuna kilicholia. Ni kama mtu kaniwashia kiberiti juu kidogo ya kalio la kushoto. Nyuki wawili wakaingia ndani ya wavu wa usoni na siwezi kuwatoa maana mkono mmoja umeshika goti mwingine umeshika mti, nimesimama hivo naumwa juu na chini.

Halafu hesabu niliyoifanya nikiwa nimelala: dumu la lita 20 la maji ni kilo 20, la asali linafika kilo 28 hivi. Miaka yote nabeba asali kwa akili ya maji.

22 mpaka 27 Juni

Nimelala. Godoro chini sakafuni maana jirani kasema kitanda ndo kinaharibu. Diklo (diclofenac, vidonge vya maumivu) za duka la dawa siku sita, tumbo linaungua kama nimemeza pilipili. Soksi navalishwa na mke wangu.

Wageni ni wengi na kila mmoja ana ugonjwa wake mkononi. Mama mkwe: figo hizo baba, kunywa maji. Fundi pikipiki kaniita pembeni kwa sauti ya chini, kaka hapo ndo nguvu zinaanzia, usipowahi utajuta. Mzee mmoja wa mtaani yeye hakuzunguka, kasema asali yangu ina macho ya watu.

30 Juni

Hospitali. Nimeenda na hela ya picha mfukoni kabisa, nataka MRI hata kama ni kusafiri. Daktari hakugusa habari ya picha, kaanza maswali: mkojo na haja kubwa unavizuia vizuri? Sehemu unayokalia ina ganzi? Mguu unakosa nguvu au unaburuza? Homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, kansa yoyote huko nyuma, umeanguka? La jasho na kukonda aliliuliza mara mbili, akanieleza kwamba TB haikai kifuani tu, inaweza kula pingili za mgongo na mtu akahangaika na dawa za kuchua miezi. Kuhusu figo kasema mara nyingi maumivu yake yanakaa juu zaidi, chini ya mbavu, hayajali umeinama au umesimama, na mkojo au homa vinasema kitu. Maumivu yangu yanapanda nikiinama na yanashuka nikigeuka, hayo ni ya misuli na viungo. Akanitembeza kwa vidole, akanitembeza kwa visigino, akaninyanyua mguu nimelala chali, akagonga magoti kwa kinyundo.

"Picha leo hatuhitaji."

Nilikasirika kweli. Nikamwambia si tungejua tu kama diski, ule mto wa katikati ya pingili, imetoka. Akasema, nikipiga picha watu kumi wa umri wako wasioumwa chochote, kadhaa nitawakuta diski zimechomoza, sa nikawaambie wote wameharibika? (Nina miaka 43.) Kaniandikia mazoezi tiba, diklo kanikataza kuendelea nazo, kasema tumbo limeshakwambia na figo nazo hazizipendi.

Dada wa mazoezi tiba ndo alinimaliza. Nimemwambia nimelala siku sita nzima bila kuinuka. Akaniangalia. "Kaka, ulikuwa unamsubiri nani?"

Julai

Dozi yangu: kutembea dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, hapa hapa mtaani chini ya miembe. Mazoezi matatu ya mkekani. Lile ninaloliweza ni la magoti na viganja chini, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, unahesabu nane, unabadilisha. La ubavu linanitetemesha kama pikipiki mbovu.

Na daftari. Kila siku namba ya maumivu toka 0 mpaka 10, pembeni naandika nilichofanya na usingizi ulikuwaje. Niliona ni kazi ya shule lakini ndo iliyobadilisha mradi wote.

2 Agosti

Nimekaa na wiki nne za namba. Nilikuwa na uhakika siku mbaya zitakuwa za porini. Wapi! Siku za porini ni 3, 4. Siku za 6 na 7 ni za dukani.

Mi nina steshenari mjini. Wiki za mitihani ya shule nakaa kwenye kiti cha plastiki toka saa 2 asubuhi mpaka saa 7 mchana nachapa, siinuki, hata chai naletewa. Na siku ambazo nimelala masaa manne tu kwa mawazo ya ada, namba inapanda hata kama sijabeba kitu. Yaani lile dumu la nne wala halikuwa peke yake, lilikuta kiuno kimeshakaa miezi kwenye kile kiti halafu siku moja kinaambiwa beba kilo 28 mara nne.

Nimeuhamisha mtambo wa kuprinti mpaka kona ya mbali. Kila nikiprinti lazima niinuke. Wateja wanaona nimechanganyikiwa. Kompyuta nimeinyanyua na matofali mawili, na kuna kaunta ya juu nachapia nimesimama kazi zikiwa fupi.

10 Agosti

Hii nimeipenda, nimeigundua mwenyewe. Dada kasema nianze kubeba uzito kidogo kidogo, lakini sina vyuma vya jimu. Kumbe nimezungukwa navyo! Rimu moja ya A4 ya kawaida ni kilo 2 na nusu. Katoni ina rimu tano, kilo 12 na nusu. Duka langu lote ni mizani.

Wiki hii rimu mbili, mara kumi, asubuhi na jioni. Nasogea mpaka zinanigusa, nakunja magoti na nyonga, nazikumbatia kifuani kama mtoto, nikitaka kugeuka nahamisha miguu siyo kiuno. La kukumbatia ndo siri hasa. Jaribu kushika rimu mbili mikono imenyooka mbele halafu uzivute tumboni, utaona zenyewe zinakuwa nyepesi.

28 Agosti

Katoni nzima. Namba 2.

9 Septemba

Nimeharibu. Saa 12 asubuhi nimetoka kitandani moja kwa moja kuinamia beseni la nguo za mtoto, kikashika pale pale kwa zamani. 7. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango nikajua ndo basi, miezi miwili imeenda.

Nimempigia dada. Kasema kurudi ni kawaida, watu wengi huwa hivo, haimaanishi umevunjika upya. Akanieleza kitu sikuwahi kukisikia: usiku tukilala diski zinavuta maji, mtu anaamka mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja hivi, ndo maana asubuhi mgongo ni mgumu na kuinama sana mapema kunaubana zaidi. Tembea kwanza, kunywa chai, beseni baadaye. Dozi nishushe, nisiifute. Nimerudi rimu mbili na nimetembea dakika tano kama mgonjwa wa juzi. Siku ya sita nilikuwa nimesharudi kwenye 3. Mwezi Juni siku sita hizo hizo nilizimalizia sakafuni.

Septemba mwishoni

Mkanda wa mgongo. Shemeji kaniletea toka Dar, mzuri, una vyuma. Nimeuvaa wiki, nilijiona mwanajeshi. Baadaye nikasoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, mikanda wameiweka upande wa vitu wasivyoshauri, mazoezi na elimu wameviweka upande wa vile wanavyoshauri. Humo humo wanasema mwaka 2020 tulikuwa watu milioni 619 duniani tunaoumwa huku chini. Nilisoma ile namba mara mbili, nikajisikia nina ukoo mkubwa. Mkanda sa hivi mpwa wangu anafungia mzigo kwenye pikipiki, unashika vizuri kuliko mpira.

Oktoba

Porini sasa. Mizinga mitano ya masanduku ilikuwa imekaa chini kabisa juu ya mawe, kila ukiikagua umepiga magoti au umekunjika. Nimeinyanyua, miwili juu ya vigingi na mitatu nimeininginiza kwa waya kwenye matawi, mfuniko unanikuta usawa wa kiuno. Siafu nao wamepata shida kidogo, hiyo ni faida sikuipangia. Seremala kanitengenezea meza ya kuchujia kimo changu, ya zamani ilikuwa ya watoto nadhani.

Madumu nimeuza yote manne. Sasa ni ndoo za lita 10, ikijaa asali ni kama kilo 14, rimu tano na ushee.

16 Novemba

Msimu mdogo, mvua imeshaanza, asali si nyingi. Ndoo sita. Mpwa wangu kacheka njia nzima, eti mjomba unaenda kurina au unaenda kuchota maji ya kunawa. Nimefanya safari sita ambapo zamani ningefanya tatu, nimechelewa dakika kama ishirini, nimepumzika katikati nikala sega.

Kesho yake asubuhi: 2. Soksi nimevaa mwenyewe, nimesimama.

Kilichobaki ni mzinga wa 11, ule wa gogo uliopo juu kabisa kwenye mti wa mtundu. Kushuka na kamba mkono mmoja na ndoo mkono wa pili sijaupatia jibu. Nimemuuliza dada, kaniambia yeye mambo ya kupanda miti hawakufundishwa.