Karatasi ya Turner: kuloweka, kuosha, kukwangua

Wanaojaribu kumwiga J. M. W. Turner, mchoraji wa Uingereza, huhangaika kwanza na manjano yake. Wangeanza na karatasi. Mwanga katika rangi zake za maji ni weupe wa karatasi unaopenya kutoka chini, na karatasi hiyo ilipaswa kustahimili maji mengi, sponji, kisu na ukucha.

Turner (1775–1851) alitumia sana karatasi ya Whatman, iliyotengenezwa Kent kwa matambara na kuchovywa katika jelatini, gundi itokanayo na wanyama. Jelatini huipa karatasi ngozi ngumu, rangi ikakaa juu bila kuzama kwenye nyuzi, ndiyo maana unaweza kuiosha hata ikishakauka. Karatasi ya kawaida ya kuchorea haina ngozi hiyo: sponji ikipita mara mbili inatoa manyoya, na rangi inayofuata inatulia kwa madoa. Tafuta ya pamba, yenye jelatini usoni, gramu 300 kwa mita ya mraba.

Iloweke dakika tano hivi, itandaze ubaoni na uibane kingo ili isijikunje. Ingali inang'aa kwa maji, dondoshea rangi na uinamishe ubao ziingiane zenyewe. Turner alikuwa na mbao zenye mshikio nyuma. Alizamisha karatasi nzima majini, akaitia rangi, kisha akaiweka kando ikauke huku akishughulikia nyingine. Utaratibu huo unafaa kuigwa hata na mwenye karatasi mbili tu, kwa sababu kinachoharibu kazi nyingi ni kukosa subira. Mng'ao ukishapotea lakini karatasi bado ni baridi ukiigusa kwa mgongo wa mkono, usiiongezee chochote. Tone la maji wakati huo husukuma rangi pembeni na kuacha ukingo wenye meno kama koliflawa. Fanya kazi ikiwa imelowa kweli au imekauka kabisa.

Mwanga wa wingu au ukungu hurudishwa baadaye. Chora umbo lake kwa brashi yenye maji safi, hesabu hadi kumi, kandamiza kitambaa, kisha ukipenda sugua kwa makombo ya mkate. Hapa uchaguzi wa rangi una uzito: buluu ya kobalti, iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, huinuka vizuri, buluu ya Prussia hung'ang'ania na kuacha kivuli cha kijani. Kwa hiyo usiiweke mahali unapotarajia kufungua mwanga.

Kukwangua ni hatua ya mwisho, tena juu ya karatasi kavu kabisa. Mwaka 1818, nyumbani kwa rafiki na mfadhili wake Walter Fawkes huko Farnley, Yorkshire, Turner alichora manowari ikipakia mahitaji. Aliimwagia karatasi maji na rangi mpaka ikashiba, kisha akaikwaruza kama mtu aliyepandisha wazimu, na kabla ya chakula cha mchana meli ilikuwa imekamilika. Vimulimuli vya maji hupatikana kwa ncha ya kisu iliyolazwa, si iliyosimamishwa. Ukikwangua mapema kisha ukapitisha rangi juu, jeraha linanyonya rangi kupita sehemu nyingine na mstari uliotaka uwe mweupe unakuwa mweusi kuliko vyote.

Kwenye karatasi za buluu alizotumia kwa michoro ya mito ya Ufaransa mambo ni kinyume: hakuna weupe wa kufunua, kwa hiyo mwanga huwekwa kwa rangi nzito iliyochanganywa na nyeupe.

Katika jambo moja tusimfuate. Turner hakujali kama rangi itadumu. Nili na baadhi ya nyekundu zake za aina iitwayo kwa Kiingereza "lake" (zitokanazo na rangi za kutia nguo) hufifia zikikaa mwangani, na mawingu yaliyochanganywa kwa nili na nyekundu ya udongo yamebaki mekundu kwa sababu buluu imeondoka. Weka nili kando. Changanya buluu ya Prussia na nyeusi kidogo, upate giza lilelile.