Jalada lililolegea: nilivyolibana bila kushona upya

Kamusi ya maktaba ilikuwa imeshonwa imara, ila jalada gumu lilining'inia kwenye bawaba, ule mkunjo kati ya jalada na mgongo. Tena mtu alishapitisha selotepu! Gundi yake hugeuka njano, hupenya karatasi na kuacha doa sugu. Niliibandua taratibu kwa joto dogo la kikaushio cha nywele.

Nilichagua gundi nyeupe ya PVA kwa kuwa hubaki laini ikikauka, na bawaba hukunjwa kila siku. Nilisimamisha kitabu, nikachovya sindano ndefu ya kufumia, nikaipitisha kwenye uwazi wa bawaba huku nikiizungusha ili ipake jalada kwa ndani. Kidogo tu, ikizidi, mgongo hugandamana na kitabu hakifunguki vizuri. Kisha nikaweka karatasi ya nta ndani ya kila jalada, sindano za kufumia kwenye mikunjo ya nje, na uzito juu hadi kesho yake. Likashika.

Kurasa zilizochanika nilizibandika kwa karatasi ya Kijapani, nyembamba lakini imara, na uji wa wanga wa ngano, ambao hulainika tena kwa maji. PVA ikishakauka haiondoleki kirahisi hivyo, kwa hiyo kitabu adimu nisingekigusa nayo.